"BELITTLE": NENO MOJA NA ULIMI WETU



Katika somo la Kiingereza tulipata neno "belittle". Wengi tuliandika "kuzarau", tukafunga kaye. Lakini haiko sawasawa. Mutu anaweza kuzarau moyoni na kunyamaza. "Belittle" ni kumufanya mwenzako, ao kazi yake, aonekane mudogo: "Aa, alipata 18 juu ya 20 sababu mutihani ilikuwa rahisi." Mwenzako amesimama, wewe unamukata miguu.

Neno hili liko na historia. Thomas Jefferson wa Marekani aliliandika katika kitabu chake juu ya Virginia, kilichouzishwa London katika mwaka 1787. Mwenye elimu mumoja wa Ufaransa, Buffon, alisema kwamba nyama za Amerika ni ndogo kuliko za Ulaya. Jefferson alikataa kabisa. Akaandika uzito wa nyama nyingi, tena akatumisha mpaka Paris mifupa na ngozi ya nyama mukubwa wa kwao. Gazeti moja la London likacheka neno lake, lakini leo liko katika kila kamusi ya Kiingereza.

Sasa angalieni. Katika kitabu kile kile, mutu huyu aliyekataa inchi yake ipunguzwe aliandika kwamba anazani watu weusi wako chini ya wazungu kwa akili. Na katika maisha yake alikuwa na watumwa zaidi ya 600. Alijua vizuri uchungu wa kupunguzwa, lakini uchungu wake mwenyewe tu.

Na sisi je? Mutu wa kilasi ya sita anakasirika akiitwa mujinga mbele ya wenzake. Jioni, yeye yule anamwita mwanafunzi mupya "mutu wa pori", sababu Kifaransa chake kinavunjika-vunjika. Mukimuuliza, anajibu: "Ni michezo tu." Michezo gani ile yenye kuchekesha upande mumoja?

Sisemi tusisahihishane. Kusahihisha si kupunguza. Mwalimu akiandika 4 juu ya 20, ni haki yake, na mimi nitasoma tena. Lakini akiongeza: "Kwenu wote muko vile," hapo hasahihishi kazi tena, anapunguza mutu na jamaa yake.

Basi, mbele ya kusema, tujiulize: neno langu linatengeneza kazi, ao linakata mutu? Kama linakata, tulimeze. Halitatuumiza tumboni.

Mwenzenu wa kilasi ya tano