Dawa ya kuvu ni kuvu: Kinga ya mahindi Kitui na Makueni

WAKAZI wa Kitui na Makueni wangali wanaukumbuka mwaka wa 2004, wakati watu 317 walipougua na 125 miongoni mwao kufariki kutokana na mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Wengi wa waathiriwa walitoka katika wilaya hizo mbili. Ukame ulikuwa umedhoofisha mimea, kisha mvua ikanyesha wakati wa mavuno, na familia nyingi zikahifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba.

Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, ambayo huishi udongoni. Huharibu ini, haiishi kwa kupikwa, wala hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Kwa hivyo, vita dhidi yake havina budi kuanzia shambani.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Si kila kuvu ya aina hiyo hutoa sumu, na hapo ndipo wataalamu walipopata silaha. Aflasafe KE01, iliyosajiliwa nchini mwaka wa 2015, ni punje za mtama zisizoweza kuota, zilizopakwa kuvu wanne wa humu nchini wasiotoa sumu. Mkulima hunyunyiza kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu hao huzaana, wakatwaa nafasi na chakula ambacho kuvu wenye sumu wangetumia.

Mbinu hii si ngeni. Barani Asia, baadhi ya wafugaji wa kamba wa baharini huweka bakteria wa jamii ya Bacillus mabwawani ili washindane na bakteria wa Vibrio, badala ya kutegemea antibiotiki ambazo hatimaye huzoewa na vijidudu.

Hata hivyo, Aflasafe huhitaji udongo wenye unyevu, ilhali mvua ya Ukambani haitabiriki. Isitoshe, haiondoi haja ya kukausha mahindi hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Kizingiti kikubwa zaidi ni soko. Sumu hii haionekani kwa macho, na mnunuzi wa kijijini huyapima mahindi kwa uzani tu. Mkulima aliyegharimika hulipwa sawa na asiyejali, huku anayenusurika akiwa mlaji asiyemjua. Novemba 2019, shirika la KEBS lilipiga marufuku chapa tano za unga kwa sababu ya sumu hiyo, ishara kwamba hatari hufika hadi mijini.

Ikiwa faida ni ya umma, si haki gharama imwelemee mkulima wa ekari mbili peke yake. Serikali za kaunti zingefaa kuihesabu kinga hii kama chanjo: igharimiwe na wote, tena ifike kabla ya msimu, si baada ya mazishi.