Konea Iliyopandikizwa Inahitaji Mlinzi

Desturi yetu ni kuushangilia upasuaji na kumsahau mgonjwa. Habari za mtu aliyepandikizwa konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya mboni, husambaa siku bandeji inapofunguliwa. Miezi minane baadaye, jicho lile lile likianza kuingia ukungu, hakuna anayeuliza. Nathubutu kusema kwamba kazi ngumu ni hiyo ya miezi, wala si ile ya chumba cha upasuaji.

Historia yenyewe yathibitisha. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, Moravia, daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea mtu aliyepofushwa na chokaa. Alimpandikiza macho yote mawili. Katika jicho moja kipandikizi hakikudumu. La pili likabaki angavu, mtu yule akaona tena. Dunia hulikumbuka jicho la pili. Heri watumishi wa afya walikumbuke na lile la kwanza.

Konea yenye afya haina mishipa ya damu, na kwa sababu hiyo kinga ya mwili huchelewa kukitambua kipandikizi kuwa ni kigeni. Lakini jicho lililokwisha kuungua au kuugua mara nyingi huwa limeota mishipa, na hapo hatari huzidi. Tena chembe za tabaka la ndani, ambazo huyaondoa maji ili konea ibaki angavu, zikifa hazizaliwi nyingine. Dalili ni nne: jicho kuwa jekundu, kuumizwa na mwanga, kuona kwa kufifia, na maumivu. Mgonjwa akiwahi na kupewa matone ya steroidi kwa wingi, mara nyingi kipandikizi huokolewa. Akingoja kliniki ya mwezi ujao, huenda kikapotea. Matone hayo nayo yana hatari yake, kwani huweza kupandisha shinikizo la jicho na kuuharibu mshipa wa fahamu pole pole, pasipo maumivu. Na nyuzi, ambazo huweza kukaa mwaka au zaidi, zikilegea huwa mlango wa vijidudu.

Sasa, mgonjwa anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka kwa bingwa wa macho ataipata wapi nauli ya kila mara? Na yule mwalimu anayeambiwa na mkuu wake kwamba amezidi kuomba ruhusa? (Mkuu huyo hana ubaya; hakuna aliyemweleza.) Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa duniani hupatikana konea moja tu kwa kila wahitaji 70. Anayeipata kisha akaipoteza kwa kukosa chupa ya matone, hasara yake ni ya wengi, maana kupandikiza mara ya pili kuna matumaini madogo zaidi.

Basi kabla mtu hajalazwa mezani, faili lake lionyeshe ni nani wilayani atakayempima shinikizo, na matone yatatoka fungu gani. Gharama ya matone ihesabiwe pamoja na ya upasuaji. Waganga na wauguzi wa zahanati wafundishwe zile dalili nne. Na mtumishi mwenye kipandikizi akiamka na jicho jekundu, aondoke asubuhi hiyo hiyo. Barua ya ruhusa yaweza kuandikwa baadaye.