Kabla ya Kufomati

Katika maduka yetu ya kompyuta pana neno moja ambalo limekuwa kama panadoli, nalo ni kufomati. Kompyuta ikiwa nzito, fomati. Printa ikikataa kuchapa, fomati. Kibodi isiyo na waya ikiruka herufi, mausi ikigandaganda, intaneti ikikatika kila baada ya dakika kumi, fomati. Na kama kufomati hakukuleta nafuu, dawa ya pili iko tayari kwenye ncha ya ulimi wa fundi: "Mzee, hii imekufa, tafuta nyingine." Nimeishi na mashine hizi tangu zilipokuwa kubwa kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, nami nasema bila kumung'unya maneno kwamba kwa ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia hapa, dawa zote mbili ni ulaghai. Mara chache ni ulaghai wa makusudi, mara nyingi ni ujinga unaotozwa fedha. Kwa yule anayelipa, sioni tofauti.

Ugonjwa wenyewe umekuja pamoja na vile visanduku vidogo vya mezani ambavyo siku hizi vimejaa madukani, aghalabu vikiwa vimekwisha kutumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya na Marekani. Ni mashine nzuri. Unene wake ni kama wa kamusi, haili umeme mwingi, haina kelele, na bei yake mwalimu au karani anaweza kuifikia. Mimi mwenyewe naandika haya kwa kutumia mojawapo. Lakini ukishakiweka kisanduku mezani, ukachomeka kipokezi cha kibodi, ukachomeka diski ya nje, ile ambayo vijana huiita eksitenali, ukaunganisha na printa na Wi-Fi, ndipo vituko vinapoanza. Unaandika "mahakama" inatokea "mhkama". Mshale wa mausi unasimama, kisha unaruka hadi pembeni kama panzi. Spika ya Bluetooth inakohoa. Intaneti ya simu yako iko sawasawa, ilhali ya kompyuta iliyo umbali huohuo kutoka kwenye ruta imekatika.

Neno "bila waya" limetupumbaza. Tukisikia hakuna waya, tunadhani hakuna njia, na kama hakuna njia basi hakuna cha kuziba njia. Nilipokuwa nikifundisha fizikia katika shule za sekondari niliwaambia wanafunzi kwamba hewani mna barabara kama ardhini, na barabara hujaa. Kibodi nyingi zisizo na waya, mausi, Bluetooth, na Wi-Fi ya mtindo wa kawaida, vyote hupita katika barabara moja nyembamba ya gigahezi 2.4. Hata jiko la mikrowevu hufanya kazi hapohapo. Barabara hiyo ilichaguliwa kwa sababu inaruhusiwa kutumiwa bila kila mtu kuomba leseni yake, kwa hiyo kila mtengenezaji ameikimbilia. Bluetooth, kwa kuijua adha hiyo, iliundwa ili irukeruke baina ya vichochoro 79, mara 1,600 kwa sekunde, ikikwepa penye msongamano. Ni ubunifu wa kustaajabisha. Lakini hakuna wa kukwepa ikiwa mtu amemwaga mchanga barabara nzima.

Na mchanga umemwagwa. Mwaka 2008 ulitoka mtindo wa USB 3.0, ambao mara nyingi utautambua kwa ulimi wa buluu ndani ya tundu lake. Mtindo huu husafirisha hadi biti bilioni 5 kwa sekunde. Kwa kasi ya namna hiyo, plagi na waya wa kifaa ambacho hakikukingwa vizuri hugeuka kuwa kituo kidogo cha redio kisicho na mtangazaji, kinachotoa mvumo mtupu, na mvumo huo hupita katikati ya barabara ya gigahezi 2.4. Haya si maneno yangu ya kijiweni. Kampuni ya Intel, ambayo ni miongoni mwa waliobuni USB yenyewe, ilichapisha waraka juu ya jambo hili mwaka 2012. Walipima, wakaona kwamba diski ya USB 3.0 inapochomekwa, kelele katika barabara hiyo hupanda kwa takriban desibeli 20 karibu na tundu, yaani mara mia. Wakashauri vifaa na matundu yakingwe vyema zaidi, na antena ziwekwe mbali.

Mwaka 2012, ndugu msomaji. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa yuko sekondari, na bado fundi anafomati.

Katika kompyuta kubwa za zamani tatizo hili lilijificha, kwa kuwa matundu yalikuwa mengine mbele na mengine nyuma, na bati la katikati lilikuwa pana. Katika kisanduku cha unene wa kamusi, tundu la diski na tundu la kipokezi cha kibodi hupakana kama vyumba vya nyumba ya kupanga, na antena ya Wi-Fi nayo imebanwa papo hapo. Ongeza tabia yetu ya kukitundika kisanduku nyuma ya skrini ili kipendeze, au kukisukumia chini ya meza ya chuma. Mawimbi hayapiti kwenye chuma. Wengine huuziwa mashine ambayo antena yake ilibaki Ulaya. Tundu la skrubu lipo, antena hakuna, na mnunuzi hajui kwamba kulitakiwa kuwa na kitu pale.

Sasa nieleze kwa nini naandika kwa hasira.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye steshenari ndogo, ni mwekahazina wa kikundi cha kukopeshana cha akina mama 30. Mwaka 2023 alinunua kisanduku cha namna hii, akahamishia humo hesabu zote za kikundi: hisa, mikopo, marejesho, faini za kuchelewa. Kibodi ikaanza kula tarakimu. Akiandika 50,000 inatokea 5,000. Fundi akaitwa. "Dada, Windows yako imechoka," akasema, akafomati, akachukua shilingi 20,000. Siku mbili kibodi ikawa njema, ya tatu ikaanza upya. Fundi akaja tena, akafomati tena, akachukua 20,000 nyingine, na safari hii hakunakili chochote kabla ya kufuta. Hesabu za miezi 14 zikaondoka. Kilichobaki ni daftari lililoishia mwezi ule walipohamia kwenye kompyuta, na vikaratasi vya akina mama wenyewe, vingine vimefuliwa pamoja na khanga. Mikutano mitatu ilipita watu wakirushiana maneno. Wawili walijitoa. Mmoja alimwita jirani yangu mwizi mbele ya wanawe.

Aliponiletea kisa chake, "Shikamoo mwalimu, naomba uniangalizie hili jinamizi," nilimuuliza swali moja tu: kibodi inaharibika wakati wote, au kuna wakati inatulia? Akafikiri. Inatulia asubuhi. Na mchana kuna nini? Mchana kijana wake anakuja kunakilia wateja kwaya na mahubiri kutoka kwenye diski ya nje. Diski hiyo ilikuwa inachomekwa kwenye tundu la buluu nyuma ya kisanduku, na kipokezi cha kibodi kilikuwa ubavuni mwake, hata upana wa kidole hauingii. Zile siku mbili njema baada ya kufomati zilikuwa Jumamosi na Jumapili, ambapo kijana hafanyi kazi. Nikachukua waya wa kurefusha USB, wa mita moja, nikakileta kipokezi mbele ya meza. Kazi ikaisha. Waya ule unauzwa kwa bei ya sahani mbili za chipsi.

Najua mafundi watanijibu nini, maana nimekwisha kujibiwa. Watasema: Mwalimu, mteja halipi mtu aliyesogeza kidude kutoka hapa hadi pale. Akiona umefomati, umekaa saa tatu unatoka jasho, mstari wa kijani unakwenda kwenye skrini, anatoa fedha kwa moyo mkunjufu. Hoja hii ina uzito, na mkuki wake unatuelekea sisi wateja. Tumezoea kulipia jasho, na hatujajifunza kulipia fikra. Fundi wa pikipiki anayesikiliza injini kwa dakika moja na kusema "plagi" tunamwona tapeli; yule anayefungua injini nzima barabarani na kuifunga tena ndiye bingwa. Basi mlipe aliyesogeza kidude! Mlipe sawasawa na yule wa kufomati, maana amekuokolea hesabu za kikundi. Hata hivyo, udhaifu wa mteja haumpi fundi ruhusa ya kufuta kumbukumbu za watu kabla ya kuuliza maswali mawili.

Maana kuuliza si kazi ngumu. Azima kibodi ya waya, ichomeke. Ikiandika vizuri, Windows haina hatia. Shauri liko hewani. Chomoa kila kitu kisichohitajika, kisha rudisha kimoja kimoja, huku ukiandika, hadi ugonjwa urudi. Cha mwisho kurudishwa ndicho mshukiwa wako. Ruta ikiwa na masafa ya gigahezi 5, na kompyuta ikiwa na uwezo huo, ihamishie Wi-Fi huko, iache barabara ya chini kwa kibodi na mausi. Mausi ikilala kila baada ya muda na kuamka ukiigusa mara tatu, fungua mahali pa vifaa ndani ya Windows uone kama kompyuta imeruhusiwa kulizima tundu ili kuokoa umeme. Ondoa alama ile. Hayo ni marekebisho ya programu, nayo hayagusi hata faili moja.

Diski inayowaka na kuzimika nayo ina habari zake. Tundu la USB la mtindo wa zamani linatakiwa kutoa miliampea 500, la buluu 900. Ukinunua kile kidude cha kugawa tundu moja kuwa manne, kisicho na umeme wake chenyewe, ukaning'iniza humo diski na taa na feni ya mezani, unawalisha watu wanne kwa sahani ya mmoja. Diski itakatika, na hiyo isikupeleke kwa fundi. Printa ya Wi-Fi inayodai haipo ilhali inakutazama, aghalabu imepewa na ruta anwani mpya baada ya umeme kukatika, na kompyuta bado inabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Na umeme ukikatika mara kwa mara, jambo hilo nalo hutokea mara kwa mara. Mwambie anayejua ruta aiwekee printa anwani isiyobadilika.

Lakini fundi wa mtaani ni mtu mdogo katika shauri hili, na si haki kumchapa peke yake. Wakubwa ni watengenezaji. Wao waraka wa mwaka 2012 wanaujua. Kuna mfano unaoonyesha kwamba kusema kweli hakuui biashara. Ile kompyuta ndogo ya Uingereza iitwayo Raspberry Pi, toleo lake la 4, ilitoka Juni 2019. Kabla ya miezi miwili kwisha ilibainika kwamba tundu lake la umeme lilikosewa, kipinga kimoja kikakosekana, hivyo baadhi ya waya za chaja ziligoma kuiwasha. Mwanzilishi wake, Eben Upton, alikiri hadharani, na ubao ukarekebishwa katika matoleo yaliyofuata. Mwaka huohuo watumiaji waligundua kwamba Wi-Fi yake hukatika skrini ikiwekwa kwenye kipimo cha 2560 kwa 1440. Ni kelele ileile ya barabara ya 2.4, safari hii ikitoka kwenye njia ya picha. Watu walipima, wakabishana, wakaeleza. Kompyuta ile iliendelea kununuliwa.

Linganisha na kijitabu kilichokuja na kibodi yangu mwenyewe. Kina lugha 12, na Kiswahili hakimo. Kimenionya nisimeze betri, nisiitumbukize majini, nisiiweke karibu na moto. Penye ukurasa wa matatizo kimeniambia nizime kompyuta na kuiwasha tena, kisha nibadilishe betri, kisha nimwone muuzaji. Muuzaji atanipeleka kwa fundi. Fundi atafomati. Hivyo ndivyo mnyororo ulivyofungwa, na aliye kwenye pingu ni mama mwenye steshenari.

Ninachodai ni sentensi moja, ichapwe kwenye boksi la kila kibodi, mausi na kipokezi, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka bila miwani: "Usichomeke kipokezi hiki kando ya diski au tundu la buluu la USB; kikikatika, kisogeze mbali kwa waya wa kurefusha." Maneno yasiyofika 20. Na ndani ya boksi waweke huo waya wa mita moja, ambao baadhi ya watengenezaji wamekuwa wakiuweka kimyakimya bila kusema ni wa nini, na wanunuzi wetu wakiutupa pamoja na boksi.

Akina mama 28 waliobaki wamekwisha kuandika upya hesabu zao kwa kukumbushana. Jumla mbili bado zina ubishi, moja ya 140,000 na nyingine ya 65,000, na mwekahazina anazilipa polepole kutoka mfukoni mwake.