Bwawa la Starehe na Watu wa Bondeni

Ndugu wanachama, wako wasemao kwamba bwawa dogo la mtu binafsi, la kuvulia samaki na kupandia mashua, si kitu cha kukaguliwa. Sisi twakataa.

Bwawa la South Fork, Marekani, lilikuwa mali ya klabu ya matajiri. Walishusha kilele cha ukuta ili magari ya farasi yapite, na penye njia ya kutolea maji ya ziada wakaweka wavu, samaki wao wasitoroke! Tarehe 31 Mei 1889 mvua ilizidi, ukuta ukabomoka, wakafa watu 2,209. Mwenzetu John Hess, dereva wa gari moshi, alifunga kamba ya filimbi ili ilie bila kukoma, akaokoa wengi. Mahakama haikuitoza klabu hata senti.

Siku hizi huko Marekani daraja la hatari hutazama watu watakaokufa bwawa likibomoka, hata kama ukuta ni mzima. Hapa kwetu Solai, Mei 2018, bwawa la shamba la binafsi liliua watu zaidi ya 40.

Twataka kila bwawa lipewe daraja, nalo lisomwe barazani mbele ya wanaolala chini yake. Gharama ya ukaguzi alipe mwenye bwawa.