Ini la nani limo ndani ya chipu?

Karibu kila kidonge unachouziwa dukani, msomaji, kilionjwa kwanza na mnyama. Panya, sungura, mbwa au tumbili alipewa dawa hiyo katika maabara, wataalamu wakachunguza damu, figo na ini lake, ndipo binadamu wa kwanza akaruhusiwa kuimeza. Utaratibu huu umeokoa maisha ya wengi, lakini una kasoro moja kubwa: panya si mtu.

Mnamo 1993 nchini Marekani, wagonjwa 15 wa homa ya ini aina ya B walipewa dawa ya majaribio iliyoitwa fialuridine. Wanyama hawakuwa wameonyesha dalili kwamba ingeharibu ini. Saba kati ya wagonjwa hao maini yao yalikufa. Watano walifariki na wawili wakaponea baada ya kupandikizwa maini mengine. Mwaka wa 2006 jijini London, vijana sita wenye afya nzuri walijitolea kudungwa dawa iliyojulikana kama TGN1412. Saa chache baadaye walikuwa mahututi, ilhali dozi yao ilikuwa sehemu moja tu kati ya 500 ya ile ambayo tumbili walikuwa wameivumilia bila shida.

Isitoshe, kati ya kila dawa 10 zinazofikia majaribio ya binadamu, karibu tisa hukwama njiani.

Ndiyo sababu wanasayansi wanazungumzia sana chipu ya viungo vya mwili. Usidhani ni chipsi za kibandani! Hiki ni kipande cha mpira angavu, kidogo mfano wa flashi ya kompyuta, kilichochongwa vijia vyembamba ndani yake. Katika kijia kimoja hupandwa chembechembe hai za binadamu, tuseme za ini, na katika kijia jirani chembechembe za mishipa ya damu. Kisha maji yenye lishe hupitishwa polepole mithili ya damu. Mnamo 2010, Donald Ingber na Dongeun Huh wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza chipu ya pafu ambayo ilikuwa ikivutwa na kuachiliwa, hata chembechembe zikatikisika kama za mtu anayepumua.

Matokeo yanatia moyo. Katika utafiti uliochapishwa 2022, chipu 870 za ini zilijaribiwa kwa dawa 27 ambazo madhara yake kwa watu yalikwisha kujulikana. Zilitambua asilimia 87 ya dawa zenye sumu kwa ini, na hazikusingizia hata moja isiyo na hatia. Hata hivyo utafiti huo ulifanywa na Emulate, kampuni ya Boston inayouza chipu zizo hizo, na mwuza maziwa hasemi yake yamechacha. Mwishoni mwa mwaka huo Marekani iliondoa sharti la tangu 1938 kwamba lazima dawa ipitie kwa wanyama, na Aprili 2025 mamlaka yake ya dawa ikatangaza mpango wa kupunguza majaribio hayo hatua kwa hatua.

Matatizo bado yapo. Mpira unaotumiwa hufyonza baadhi ya dawa, hivyo chembechembe hupata dozi pungufu na sumu ikaonekana salama. Chembechembe nazo huishi majuma machache tu, na mgonjwa wa kisukari humeza vidonge miaka 20. Tena ini peke yake halina tumbo wala ubongo.

Lakini linalonihangaisha mimi zaidi ni swali lililo juu ya makala haya. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi wanaikumbuka efavirenz, ambayo wengi waliitumia kabla ya dolutegravir kuchukua nafasi yake. Baadhi yao ilikuwa ikiwapa kizunguzungu na ndoto za kutisha. Chanzo kimoja ni jeni iitwayo CYP2B6: walio na aina fulani ya jeni hiyo, maini yao huivunja dawa hiyo polepole mno, nayo ikarundikana mwilini. Aina hiyo imeenea zaidi miongoni mwa Waafrika kuliko Wazungu. Nchini Zimbabwe, Profesa Collen Masimirembwa na wenzake walionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano amerithi aina hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili.

Sasa niambie, chipu iliyopandwa ini la Mzungu mmoja ingetuonya vipi?

Nadhani Bodi ya Dawa na Sumu inapaswa kuuliza mapema. Kampuni ikileta dawa yenye ushahidi wa chipu, ieleze chembechembe zilitoka kwa watu wangapi na wa asili gani. Nazo taasisi kama KEMRI na vyuo vyetu vikuu ziandae chembechembe za Wakenya. Si lazima mtu akatwe ini, maana siku hizi chembechembe za damu au ngozi hugeuzwa maabarani zikafanya kazi inayokaribia ya ini.

Wazazi wa Kilifi na Siaya walipowatoa watoto wao kwa majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, walielezwa kwanza, kisha wakatia sahihi. Atakayetoa damu yake kwa ajili ya chipu naye aelezwe inapelekwa nchi gani, itakaa huko muda gani, na iwapo dawa itakayopatikana itauzwa hapa kwa bei anayoimudu.