Rangi za chuo zisomeke, zisipendeze tu

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ilinijia nilipokuwa nikisubiri matatu mjini Kitale, safari yangu ikiwa ya kwenda Bungoma kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Ukutani palibandikwa tangazo la chuo kimoja, ambacho jina lake nitalihifadhi, likiwaalika vijana wajiandikishe kwa masomo. Jina la chuo liliandikwa kwa herufi nyeupe. Maelezo mengine yote yaliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kijani.

Kando yangu alisimama kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, akiwa na babake. Aliponiona na rundo la karatasi za mtihani mkononi, alinisogelea kwa adabu. "Samahani mwalimu, hapa chini pameandikwa nini?" Nami ilinibidi nipige hatua mbili mbele ndipo nikasoma. Ilikuwa tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, na zilikuwa zimesalia siku mbili tu. Je, asingeuliza?

Msomaji huenda akasema kuwa rangi ni mambo ya wachoraji, na kwamba mwanaisimu angeachiwa ngeli zake. La hasha! Maandishi ni lugha iliyovishwa umbo ili ionekane kwa macho. Umbo hilo likimzuia msomaji, basi lugha yenyewe imenyamazishwa, hata kama sarufi yake haina dosari.

Hebu tutazame Kiswahili chenyewe. Majina ya rangi yanayobeba viambishi vya ngeli kama sifa nyingine ni matatu pekee: -eusi, -eupe na -ekundu. Mengine tumeyaazima kwa vitu: kijani kwa majani, kahawia kwa kahawa, kijivu kwa jivu, zambarau kwa tunda lake, manjano kwa kiungo cha mchuzi. Jambo hili si la Waswahili peke yao. Mwaka 1969, Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti uliolinganisha lugha 98. Walionyesha kwamba lugha yenye majina mawili tu ya rangi hutenganisha weusi na weupe, yaani giza na mwanga. Nyekundu huja ya tatu. Kwa maneno mengine, tofauti ya kwanza ambayo binadamu huipa jina ni ile ya kiza na nuru.

Jicho la msomaji nalo hutegemea tofauti iyo hiyo. Herufi husomeka kwa kuwa imeupita usuli wake kwa weusi au kwa weupe, wala si kwa kuwa ni ya rangi nyingine. Nyekundu na kijani ni rangi mbili mbalimbali, lakini zinaweza kulingana kwa kiza. Viwango vya kimataifa vya maandishi ya mtandaoni vilivyotolewa mwaka 2008 vinataka tofauti ya mwanga baina ya herufi za kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21. Nyekundu iliyokolea juu ya kijani cha wastani haifiki hata 2. Manjano juu ya nyeupe ni karibu sawa na kutoandika chochote.

Aidha, wako wenzetu wenye upofu wa rangi, hali ambayo mwanakemia John Dalton aliieleza mwaka 1794 kwa kujichunguza mwenyewe. Wengi wao hutatizika kutenganisha nyekundu na kijani. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, hali hii humpata mwanamume mmoja kati ya 12 hivi. Kwetu Afrika kiwango ni cha chini, lakini ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi mia tatu hauwezi kudhaniwa kuwa hauna hata mmoja. Waongeze wazee ambao macho yao yamefifia, nao ndio walipaji wa karo.

Wapo watakaonijibu kuwa rangi hubeba maana, na kwamba chuo hakiwezi kuacha kijani cha mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia kwa ajili ya vipimo. Ni kweli, na Wakenya tunaijua nguvu ya rangi. Katika kura ya maoni ya 21 Novemba 2005 tuligawanyika baina ya ndizi na chungwa, na tangu hapo rangi ya machungwa haijapona siasa. Tarehe 4 Agosti 2010 kijani kilikuwa ndiyo na nyekundu ikawa la, rangi zile zile mbili ambazo mwenye upofu wa rangi huzichanganya! Kwa hiyo chuo na kichague rangi kwa maana zake. Lakini maana isiyosomeka imemfikia nani?

Suluhisho linapepea mbele ya ofisi zetu kila siku. Bendera iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963 ina nyeusi, nyekundu na kijani, rangi tatu zenye kiza. Baina yake imepitishwa mistari myembamba myeupe. Tunafunzwa kwamba weupe huo ni amani, nami sibishi. Lakini tazama pia kazi yake machoni: ndio unaoziwezesha rangi jirani kutenganika hata kwa mbali. Vivyo hivyo, chuo kinaweza kubaki na nyekundu yake na kijani chake katika nembo, majoho na skafu, mradi tu maandishi yawe meusi juu ya weupe au meupe juu ya kiza.

Kipimo hakihitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Chukua tangazo lako uende kwa mpiga fotokopi yeyote mjini Bungoma, ulinakili kwa wino mweusi. Herufi zikizama katika kijivu, rangi hizo hazifai. Isitoshe, barua za chuo hunakiliwa hivyo kila siku.

Jambo la pili ni kutoiachia rangi peke yake kazi ya kusema. Orodha inayoonyesha wasiomaliza karo kwa wekundu tu, bila neno wala alama, imemficha mtu habari inayomhusu.

Walimu wenzangu, nasi tusijitoe katika lawama. Ni mara ngapi tumeandika kwa chaki nyekundu au ya buluu kwenye ubao mweusi, kisha tukamkemea mtoto wa nyuma kwa uvivu wa kunakili? Chaki nyeupe ipo, na ya manjano ipo.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari. Vyuo vyetu vya umma haviwezi kuifundisha katiba hiyo darasani na kuisahau ukutani. Kamati inapoketi kuchagua rangi, isiulize kwanza ni ipi inayopendeza. Iulize ni nani atakayeshindwa kusoma. Kijana wa Kitale alibahatika kwa kuwa hakuona haya kuuliza. Wangapi waliona haya wakaenda zao?