FEDHA ZA MICHEZO ZAMFIKIA NANI?

Uwanja wa Amani ulipofunguliwa upya Desemba 2023, tulifurahi pamoja na wenzetu. Lakini sisi wenye maduka twajua kwamba jumla nzuri yaweza kuficha hasara. Uwanja ni wa wote, twaambiwa. Je, saa zake za jioni hupewa nani? Mwalimu alipwaye na Serikali amfunza nani? Na nauli za safari, ngapi ni za timu za wanawake? Huko Austria, tangu 2009, katiba yaziagiza serikali, hata za miji, zilenge usawa wa wanawake na wanaume katika bajeti. Hatuombi sadaka. Twataka Wawakilishi wetu wadai safu mbili za hesabu, ya wanaume na ya wanawake, kabla ya kupitisha fungu la michezo. Kwani binti anunuapo sabuni hulipa kodi ile ile alipayo kaka yake.